Bweni la Biashara Katika Nchi ya Chai

Katika mambo ambayo sisi watu wa mwambao tumeyazoea hata hatuyaulizi tena, moja ni chai. Asubuhi twainywa kwa mahamri na mbaazi, alasiri twainywa barazani, na ukitokea msiba ndiyo ya mwanzo kutiwa motoni. Lakini chai hiyo ina safari yake kabla ya kufika katika birika, na sehemu kubwa ya safari hiyo yapita mbele ya macho yetu. Malori yashuka kutoka bara yakiwa yamesheheni, yaingia katika maghala ya Mombasa, na chai ikakaa humo ikingoja mnada. Mnada wenyewe ulianzishwa Nairobi mwaka 1956, ukaletwa Mombasa mwaka 1969, na mpaka leo chai ya Kenya, ya Uganda, ya Rwanda, ya Burundi na ya nchi nyingine za jirani hunadiwa hapa kila wiki, ingawa tangu mwaka 1920 na mia moja, yaani 2020, wanunuzi hawakusanyiki tena ukumbini kupandishiana bei kwa sauti bali hubonyeza kompyuta. Kutoka hapa hupakiwa melini kwenda Pakistan, Misri, Uingereza na kwingineko.

Basi leo nina swali moja la kuwauliza wasomaji wangu. Chai ya Kericho na Bomet yaja kwetu kila wiki ya Mungu. Je, ni watoto wangapi wa Mombasa, wa Malindi, wa Lamu au wa Kwale waendao Kericho na Bomet? Sisemi kwenda kutembea na kupiga picha katika mashamba ya kijani. Nasema kwenda kukaa, kulala bwenini, na kusoma biashara pamoja na watoto wa wale waichumao hiyo chai.

Rai yangu naitanguliza mapema ili asije mtu akasema nimemzungusha. Nasema kwamba chuo kidogo cha biashara chenye mabweni, kikiwa katika nchi ile ya chai, chaweza kumpa kijana wetu kitu ambacho chuo cha kwenda asubuhi na kurudi jioni hapa mjini hakiwezi kumpa. Na kitu hicho si cheti. Ni kujuana na kuaminiana na watu atakaofanya nao biashara umri wake wote.

Kwanza natuitazame nchi yenyewe, kwani wengi wetu twaijua kwa jina lililoandikwa juu ya pakiti tu. Kericho iko zaidi ya kilomita 700 kutoka Mombasa, juu katika nyanda za magharibi ya Bonde la Ufa, yapata mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Mvua huko hunyesha karibu kila alasiri, na mara nyingine huja na mawe. Hali hiyo ndiyo iupendezayo mchai. Makampuni makubwa ya Kiingereza, Brooke Bond na James Finlay, yalianza kupanda mashamba yao huko katika miaka ya 1920, na ardhi waliyoipanda ilikuwa ya Wakipsigis. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliwakamata watu wa ukoo wa Talai, waliokuwa viongozi wa dini na wa upinzani, ikawahamishia Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria. Malalamiko ya ardhi hiyo hayajesha hata leo. Nayataja haya kwa sababu mtu wa pwani, ajuaye uchungu wa kuitwa maskwota juu ya ardhi ya babu yake, hana haja ya kutafsiriwa malalamiko hayo. Hapo tayari pana jambo moja la kuzungumza usiku bwenini.

Baada ya uhuru wakulima wadogo nao walipanda chai yao. Shirika la KTDA lilianzishwa mwaka 1964, na leo viwanda vya wakulima hao vimetapakaa kote: Momul, Litein na Kapkatet upande wa Kericho, Kapkoros, Tirgaga na Mogogosiek upande wa Bomet. Mtoto azaliwaye katika nyumba ya mkulima wa chai hujifunza hesabu kabla ya kuingia darasani. Humwona mama yake akichuma majani mawili na chipukizi, akayapeleka kwa mgongo mpaka kituo cha kununulia, yakapimwa mbele yake. Hujua kwamba yataka yapata kilo nne na nusu za majani mabichi kupata kilo moja ya chai kavu. Hujua kwamba malipo ya mwezi ni kidogo na kwamba tumaini la karo ni bonasi ya mwisho wa mwaka. Na hujua pia, kwa kuwasikia wazee wakinung'unika, kwamba bonasi ya magharibi ya Bonde la Ufa kwa kawaida huwa ndogo kuliko ile ya wakulima wa upande wa Mlima Kenya. Kwa nini huwa ndogo? Jibu moja hutafutwa shambani, jibu jingine kiwandani, na jibu la tatu huku kwetu mnadani, mahali ambapo mkulima mwenyewe hafiki.

Elimu nayo si mgeni katika nchi ile. Shule ya Kabianga ilianzishwa tangu mwaka 1925, na jirani yake leo kuna Chuo Kikuu cha Kabianga, kilichopata hati yake mwaka 2013, ambacho masomo ya biashara na uchumi ni miongoni mwa masomo yake. Mjini Kericho kipo chuo kingine kilichoanza kama chuo cha Biblia na kikapewa hati ya chuo kikuu mwaka 2011. Na chini ya hivi vikubwa ndipo palipo na vile vidogo nivikusudiavyo mimi: vyuo vya kufunza uwekaji hesabu, utunzaji wa ghala, uhazili, usimamizi wa vyama vya ushirika, na kuwatayarisha vijana kwa mitihani ya uhasibu ya baraza la KASNEB, ambalo limekuwapo tangu mwaka 1969. Chuo cha namna hii huwa na wanafunzi wachache, jiko moja, uwanja mmoja, na mabweni mawili: la wavulana upande huu na la wasichana upande ule.

Haja ya vyuo hivi yazidi kila mwaka. Mwezi Mei 2023 mashine za kuchumia chai zilichomwa moto katika mashamba makubwa ya Kericho, kwani watu waliona zinawanyang'anya mkate wao. Mimi sisifu kuchoma mali ya mtu. Lakini moto ule ulikuwa na habari ndani yake: kijana wa nchi ya chai hawezi tena kutumaini kwamba mikono yake na kikapu cha mama yake vitamlisha. Ataka elimu ya kuiuza chai, si ya kuichuma tu. Na kijana wetu wa pwani, ambaye babu yake alikuwa nahodha au dalali na baba yake mpakizi bandarini, naye aona mitambo na kompyuta zikipunguza kazi za mikono katika bandari ile ile. Wote wawili wamesimama mlangoni wakigonga, kila mmoja upande wake, na kati yao kuna njia nzima ya chai.

Sasa tuliangalie neno hili bweni. Katika Kiswahili cha wazee, bweni ilikuwa ni nyumba walalamo vijana wasiooa. Huko walilala pamoja, wakasimuliana, na wakubwa wakawafunza wadogo adabu za utu uzima. Wenzetu wa Unguja, kwa mabweni ya shule, husema dakhalia. Kwa hiyo bweni si jambo tuliloletewa na Mzungu pamoja na filimbi na kengele. Wakipsigis nao walikuwa na lao kabla ya kumwona Mzungu. Vijana wao wakitahiriwa walitengwa katika nyumba iitwayo menjo, wakakaa humo pamoja kwa miezi wakifunzwa na wazee, na waliotoka katika menjo moja wakaitana bakule mpaka kufa kwao. Bakule hamwachi bakule katika shida. Mtu wa huko akikutana na mwenziwe wa menjo baada ya miaka 40, haulizi kwanza ana cheo gani.

Na sisi Waislamu twajua zaidi ya hayo. Katika msikiti wa Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, mjini Madina palikuwa na kipembe kilichoezekwa kilichoitwa Suffa, na hapo walikaa masahaba maskini wasio na nyumba, wakisoma, wakila pamoja kile kilichopatikana. Al-Azhar ya Cairo ilikuwa na marawaq yake, kila taifa na makao yake, wakiwamo watu wa pembe yetu hii ya Afrika. Lamu, kwenye msikiti wa Riyadha, wanafunzi wametoka mbali wakalala na kusoma hapo tangu siku za Habib Swaleh. Mwandishi wa maneno haya naye alisomeshwa chuoni kwa mwalimu, akalala huko na wenziwe juu ya majamvi, wakachota maji kwa zamu na kula katika sinia moja. Tulichokisoma kitabuni kila mmoja amebaki nacho kwa kadiri ya akili yake. Lakini nani alikuwa mwaminifu na nani alikuwa akificha nyama chini ya wali, hilo hakuna hata mmoja wetu aliyelisahau.

Hapo ndipo lilipo jambo langu. Biashara ni hesabu, na hesabu yafunzwa ubaoni. Lakini kabla ya hesabu, biashara ni amana, na amana haifunzwi ubaoni. Hufunzwa pale mtu anapokopa sabuni kwa jirani wa kitanda cha pili na kuahidi kuilipa Jumamosi. Katika chuo kidogo, Jumamosi ikipita bila malipo, bweni zima litakuwa limejua kabla taa hazijazimwa. Hufunzwa pale wasichana kumi wanapocheza upatu, kila wiki mmoja akapokea, na yule aliyepokea mwanzo anapotakiwa aendelee kutoa mpaka wa kumi apate chake. Hufunzwa pale wanafunzi wanapoachiwa kuendesha kantini yao wenyewe, wakaweka daftari la mauzo ya mikate na maandazi, na mwisho wa muhula wakasimama mbele ya wenzao kueleza kwa nini fedha zimepungua. Mhasibu aliyekwisha kusimama hivyo mbele ya watu arobaini waliokula maandazi hayo hatatetemeka mbele ya mkaguzi wa serikali. Naye aliyeshindwa kueleza atakuwa amejifunza aibu akiwa bado mdogo, wakati aibu yake yagharimu shilingi mia chache, si mamilioni ya chama cha ushirika.

Dini yetu haikulifanya jambo hili dogo. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani haihusu vita wala mirathi. Imo katika Suratul-Baqara nayo yahusu deni: liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, na mashahidi wawepo. Na ipo sura nzima inayoanza kwa kuwaonya wapunjao vipimo. Mtoto wetu huyahifadhi hayo akiwa na miaka kumi. Kisha huja mtu akamwambia kwamba uwekaji hesabu ni elimu ya Wazungu! La hasha. Akiingia darasa la uhasibu yuaingia katika tafsiri ya aya aliyoihifadhi.

Fikiri basi, ndugu msomaji, chumba kimoja cha bweni chenye vitanda vinne katika chuo kidogo karibu na Litein. Kitanda kimoja amelala kijana ambaye mama yake yuachuma chai. Cha pili amelala kijana ambaye baba yake ni dereva wa lori la kiwanda. Cha tatu yuko mtoto wa Kisumu ambaye ndugu zake wana duka la jumla. Na cha nne yuko mtoto wa Mombasa, wa Kibokoni au wa Majengo, ambaye ami yake ni wakala wa forodha. Huyu wa kwanza ajua kwa nini majani ya wiki ya mvua hayalingani na ya wiki ya kiangazi. Wa pili ajua lori hulala wapi na hupotezewa muda wapi. Wa tatu ajua mwuzaji wa rejareja ataka pakiti ya uzito gani. Na huyu wetu ajua hati za meli, ajua ghala, ajua siku za kungoja na gharama ya kungoja. Hao vijana wanne wakikaa miaka miwili pamoja, tayari wameikamata njia yote ya chai toka kikapuni mpaka melini. Hakuna mwalimu aliyewafunza; wamefunzana wenyewe wakila viazi. Wakitoka hapo, yupi kati yao atahitaji mtu wa kati amwibie?

Lakini mtoto wetu asipokuwapo, kitanda cha nne kitalaliwa na mwingine. Na miaka ishirini baadaye, wale wanne watapigiana simu wao kwa wao, nasi tutabaki tukilalama barazani kwamba chai yapita mlangoni petu na wenye kufaidika ni watu wa bara. Hawakutunyima. Hawatujui. Mtu humpa kazi yule amjuaye, na kumjua mtu kwataka kulala naye chumba kimoja wakati wa baridi.

Najua wazazi watanijibu, na majibu yao yana uzito. Nitayachukua moja moja.

Wa kwanza atasema: dini ya mtoto itapotea. Vyuo vingi vya huko vimeanzishwa na makanisa, na hata vile visivyo vya kanisa vina sala za Kikristo asubuhi. Jibu langu ni kwamba hofu hii ni ya haki, lakini dawa yake ni kuuliza kabla ya kulipa. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Kenya ilitengua hukumu ya Mahakama ya Rufaa iliyokuwa imewapa wasichana wa Kiislamu ruhusa ya kuvaa hijabu katika shule moja ya kanisa kule Isiolo. Kesi ile yatufunza kwamba mzazi asiende na dhana. Aulize: binti yangu atavaa hijabu? Mwanangu atapata ruhusa ya Ijumaa? Nyama imechinjwa na nani? Daku italiwa saa ngapi, na nani atafungua jiko? Mkuu wa chuo akijibu vizuri, na aandike. Akijibu kwa kusitasita, chuo hicho si chetu, twende kingine. Ama kumweka kijana nyumbani ili dini yake isiguswe, nami namwona usiku akiwa maskani na msokoto mkononi, hilo mimi silioni kuwa ni kuihifadhi dini. Na Kericho yenyewe si jangwa la imani moja. Ni mji wenye msikiti wake, wenye kanisa kuu la Kikatoliki lililokamilika mwaka 2015, na wenye hekalu kubwa la Masingasinga, ambalo jiko lake humlisha yeyote aingiaye. Watu wa mji kama huo wamekwisha kuzoea kuona mwenzao akisali kwa namna nyingine.

Wa pili atasema: usalama. Naye hakosi sababu. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Kericho ilikuwa miongoni mwa miji iliyoona moto na watu kufukuzwa makwao kwa sababu ya kabila zao. Mtu asitudanganye kwamba hayo hayakuwa. Lakini tujiulize vizuri: kilichotuponza mwaka ule ni kwamba vijana wa makabila walilala chumba kimoja, au kwamba hawakuwahi kulala chumba kimoja? Anayekuja usiku na kiberiti huona ni rahisi kuichoma nyumba ya mtu asiyemjua jina. Nchi hii imeshonwa kwa uzi mwembamba, na mabweni ni miongoni mwa sindano chache tulizo nazo. Chuo kitakachochukua watoto wa kata moja tu hakitashona kitu.

Wa tatu atasema: wasichana. Nami nitamwambia kwamba juu ya hili asikubali nusu jibu. Mwezi Februari 2023 shirika la habari la BBC lilitangaza uchunguzi wake juu ya wasimamizi wa mashamba makubwa ya chai waliokuwa wakiwadai wanawake miili yao ili wawape kazi. Habari hizo ziliitingisha nchi nzima. Basi chuo kinachowatayarisha wasichana kwa kazi za ofisini katika nchi hiyo kina wajibu mara mbili: kuwalinda wakiwa bwenini, na kuwafunza kusema la na mahali pa kwenda kushtaki wakiwa kazini. Mzazi auone uzio kwa macho yake, amjue mlezi wa bweni kwa sura na kwa simu. Lakini asimwache binti yake nyumbani kwa sababu dunia ina waovu, maana waovu hao hawakosekani hata huku kwetu, nasi twanyamaza.

Wa nne atasema: riba. Mwanangu atafunzwa kupiga hesabu za riba. Ndiyo, atafunzwa, na vyema afunzwe. Atawezaje kuikimbia asiyoijua ilivyojificha? Mwaka 2008 Kenya ilipata benki zake mbili za mwanzo za kufuata sheria ya Kiislamu kikamilifu, na tangu hapo benki nyingine kadhaa zimefungua madirisha ya aina hiyo. Wanahitajiwa watu wajuao fiqhi ya biashara na uhasibu wa kisasa vyote viwili. Mashekhe wetu wana la kwanza, wahasibu wa bara wana la pili. Kijana aliyesoma chuoni Mombasa kisha akasoma hesabu Kericho ana yote mawili katika kichwa kimoja.

Wa tano hatasema kitu, atageuza mfuko wake nje nione ulivyo mtupu. Huyu ndiye mwenye hoja nzito kuliko wote, kwani nauli, karo, blanketi na koti la mvua si fedha ya mvuvi. Kwake yeye sina neno ila kuwageukia wengine. Pwani hii imejaa wakfu, nyumba na mashamba yaliyowekwa na wazee wetu kwa ajili ya kheri, na tume ya kuyasimamia ipo kisheria. Wafanyabiashara wetu hujenga msikiti hatua mia moja kutoka msikiti mwingine, Mungu awalipe. Je, haiwezekani mmoja wao akaweka wakfu wa vitanda kumi? Vitanda kumi katika chuo kimoja cha biashara nchi ya chai, kila mwaka, kwa watoto kumi wa maskini wa mwambao, wake kwa waume. Baada ya miaka kumi tutakuwa na watu mia moja waliotapakaa toka kiwandani mpaka ghalani, kila mmoja na bakule wake.

Na hili si jambo geni tunalolibuni. Ilikuwapo siku ambapo njia ilielekea upande mwingine. Mwaka 1951 ilifunguliwa Mombasa taasisi ya elimu ya Waislamu, maarufu kwa jina la MIOME, iliyojengwa kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, ya Aga Khan na ya Waislamu wengine, ikachukua vijana wa Kiislamu kutoka Afrika Mashariki nzima kuja kusoma ufundi na ubaharia. Vijana wa Uganda na wa Tanganyika waliijua Mombasa kwa sababu walilala Mombasa. Mwaka 1966 taasisi hiyo ikabadilishwa jina na milango yake ikawa wazi kwa wote, mwaka 1972 ikawa Mombasa Polytechnic, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Kadhalika Chuo cha Ushirika cha Moshi, kilichofunguliwa mwaka 1963 katika nchi ya kahawa chini ya Kilimanjaro, kilikusanya makarani wa vyama vya ushirika kutoka kila pembe ya Tanganyika, wakala na kulala pamoja, kisha wakarudi makwao wakijuana. Wazee waliojenga vyuo hivyo walikuwa na fedha kidogo kuliko sisi, lakini walifahamu kwamba elimu ya kazi yataka watu wakae pamoja.

Kwa wakuu wa vyuo vidogo vya Kericho na Bomet nami nina neno, ingawa gazeti hili husomwa zaidi huku chini. Mkitaka watoto wa pwani, msingoje waje. Tumeni wanafunzi wenu kwanza. Waleteni Mombasa wiki moja wakati wa likizo, tuwalaze majumbani mwetu. Waoneni bandari, maghala na ofisi za madalali wa chai, wajue jasho la mama zao huishia wapi. Wakirudi watakuwa wamekula pilau yetu, nasi tutakuwa tumejifunza kujibu chamgei. Hapo mzazi wa Kibokoni atakapoambiwa ampeleke mwanawe Kericho, haitakuwa nchi ya wageni tena. Itakuwa nchi ya yule kijana aliyelala nyumbani kwake.

Na kwa kuwa mtunzi hawezi kuinuka bila kuacha ubeti, huu wangu nauacha hapa:

Chai yatoka Kericho, yashukia kwetu pwani,
Twaitazama kwa macho, ikipita bandarini,
Na hatuna tujuacho, cha bei ya mnadani,
Mwana na aende bara, arudi mwenye mizani.

Matokeo ya mtihani yatakapotoka, katika kila mtaa wa mwambao patakuwa na nyumba mzazi akikaa na mwanawe wakitafuta la kufanya. Wataorodhesha vyuo vya Mombasa, watataja Nairobi, na mjomba mmoja atasema afadhali aende Saudia akaendeshe gari. Mimi naomba tu kwamba katika orodha hiyo nchi ya chai iandikwe nayo, kisha mzazi apande basi, aende akalitazame bweni kwa macho yake, aguse godoro, aonje chakula cha jikoni, aulize maswali yote niliyoyataja, ndipo aamue. Akikataa baada ya hapo, atakuwa amekataa kwa kujua.